Mikono Chini ya Fito

Siku yangu ya kwanza kazini nilisikia mfupa ukivunjika. Ukumbi ulikuwa Ruwi, hapa Muscat, nyuma ya stesheni ya mabasi, na AC yake ilikuwa kali hata nikajuta kutochukua koti. Nilikuwa nimesomea ualimu wa michezo, nikidhani nitafundisha watoto kubingirika kwenye mikeka basi. Mudiri, yaani meneja wa klabu, alikuwa bado ananionyesha kabati langu pale msichana mmoja alipoponyoka kwenye fito ya juu na kuuangukia mkono wake. Hakulia mwanzo. Alitutazama tu, kama anayesubiri tumwambie kilichomfika. Alipokwisha kupelekwa hospitali, Mudiri alinionyesha mkeka ulio chini ya fito.

"Bi Zuwena," akasema, "kazi tulokuitia ndiyo hiyo. Kusimama pale."

Nikatamani kurudi nyumbani.

Kazi hiyo huitwa ushikaji. Wasichana wa jimnastiki hucheza kwenye fito mbili, moja chini, moja juu kupita kimo cha mtu mrefu. Mshikaji husimama chini, mikono wazi, tayari kumdaka anayeponyoka. Ukimgusa mapema unamvuruga, ukichelewa unamwokota. Vijana husema mshikaji ni shujaa. Wapi! Mimi niliogopa tangu asubuhi ile mpaka nilipokabidhi funguo, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilichojifunza ni kuifungia hofu tumboni isipande usoni, kwani mtoto aliyening'inia akikuona umeogopa, vidole vyake hulegea.

Baadaye nilihamishiwa Ansab, kwenye ukumbi mkubwa wa timu, chini ya Kocha Mkuu. Alikuwa mwanamke wa Nakuru, mkali, Kiswahili cha kwao kimeshaingia Kiarabu cha kazini. Huko ndiko nilikomkuta Raya. Bibi yake na mama yangu walikuwa majirani Unguja, kwa hiyo tulikuwa kama jamaa. Alikuwa hodari kuliko wenzake wote, ila kwenye kuachia.

Kuachia ni hivi: msichana hubembea kwenye fito ya juu, mwili ukifika kileleni hufungua mikono, hupita hewani juu ya fito, kisha huidaka tena akishuka. Kwa kitambo hicho hana fito wala hana ardhi. Raya alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuachia aliniuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, katikati ya kelele za Kiarabu na Kiingereza, "Upo?" Nami nikamjibu, "Nipo." Asiposikia neno hilo, haachii ng'o.

Tatizo ni kanuni za mashindano. Majaji hutoa alama za namna mbili. Kuna za ugumu, ambazo hujumlishwa, kila mchezo na thamani yake. Na kuna za usafi, ambazo huanza kamili kisha hupunguzwa kwa kila goti lililokunjika na kila kidole cha mguu kilicholegea. Mshikaji akimgusa mchezaji, mchezo ule unapoteza thamani yake na adhabu juu. Akimsemesha, adhabu vilevile. Kwa hiyo siku hiyo unasimama bubu, na mikono huitumii ila kuokoa shingo.

Siku chache kabla timu za nchi jirani hazijaja kushindana nasi hapa Muscat, Kocha Mkuu aliniita pembeni.

"Mama Zuwena, hiyo upo-nipo yenu mwisho ni leo. Khalas. Kwa mashindano utamjibu aje?"

"Na asipoachia?"

"Basi hayuko kwa timu. Nitaweka mwingine."

"Na akianguka?"

"Ndio maana uko hapo."

Nikaanza kunyamaza. Raya akauliza, nikakaa kimya. Akabembea, akabembea tena, akajitupa chini kwenye sponji, macho yamejaa machozi.

"Bi Zuwena, nimekukosea nini?"

"Hukunikosea, mwanangu. Ndiyo kanuni."

"Kanuni haijui kama mie nnaogopa."

Nilitaka kumwambia mie pia nnaogopa, tena zaidi yako. Lakini kazi yangu hainiruhusu kusema hivyo. Mpaka siku ya mashindano inafika alikuwa hajaachia hata mara moja bila ya jibu langu. Kocha Mkuu alimweka kwenye timu hivyo hivyo, akasema mtoto huyu akiona watu atachangamka. Mimi usiku sikulala.

Kwenye fito, kila timu hupandisha wasichana wanne na huhesabiwa alama tatu zilizo bora. Ile ya nne ndiyo akiba ya ajali. Msichana wetu wa pili akaanguka, hakuumia, lakini akiba ikaisha. Raya alikuwa wa mwisho. Asipoachia, timu inakosa nafasi ya medali. Akiachia vibaya, sikutaka kufikiria.

Akapaka chaki mikononi, akanitazama, akapanda. Nikasimama mahali pangu. Nikainua mikono. Alipofika mahali pa kuachia, hakuachia. Akarudi chini na mbembeo, na alipopita karibu yangu nikamsikia, kwa sauti ya pumzi tu.

"Upo?"

Nilijua kinachovunja shingo si kuachia, ni kuachia nusunusu, mikono imefunguka na moyo umebaki kwenye fito. Mbele ya macho yangu akanijia yule msichana wa Ruwi, alivyotutazama siku ile. Neno lilikuwa limeshanifika kooni. Nikasogea karibu, basi. Akapanda tena na mbembeo, akauliza.

"Upo?"

Nikanyamaza. Ya Hafidh, mlinde, nikasema moyoni. Naye akafungua mikono.

Nilimwona juu yangu, hajashika kitu. Kisha fito ikatikisika na vidole vyake vilikuwa juu yake. Alishuka akasimama imara. Ule mbembeo wa ziada ulimpunguzia alama, lakini tulishika nafasi ya tatu, na Kocha Mkuu akanipiga bega.

"Umeona, Mama? Hiyo ndiyo kazi."

Nilimkuta Raya chumba cha kubadilishia nguo, anafungua ngozi za viganjani, zile za kushikia fito.

"Ulinsikia?"

"Nlikusikia."

"Mara mbili."

"Mara mbili, mwanangu."

Akaikunja ngozi moja. "Nkajua hupo. Nkaachia mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Toka siku ile hakuniuliza tena, hata mazoezini. Alipanda vizuri kila siku, hofu imemtoka. Yangu mimi ilizidi, kwa sababu sasa sikujua lini anakusudia kufungua mikono.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Vijana mnaoingia kazi hii, nawaambia kweli: mtafundishwa pa kusimama na wakati wa kudaka, ila hakuna atakayewafundisha kuacha. Kila mashindano ya Ansab nakwenda, nakaa na wazazi. Majuzi mama mmoja aliyekaa ubavuni pangu alinigeukia, msichana mdogo akiwa juu ya fito.

"Bibi, mjukuu wako yupi?"

"Sina mjukuu hapa."

"Sasa mbona mikono umeinyoosha hivyo?"

Nikaitazama. Nikaiingiza chini ya shela, nikaishika mmoja kwa mwengine, mpaka mtoto aliposhuka.