Picha ya Mwisho Kwenye Ukuta wa Madanlal

Saa tatu asubuhi, Ijumaa, mjini Kitale. Jotham Wamalwa amejifungia katika kichumba kilichokuwa stoo, ameziba nyufa za mlango kwa gunia mwanga usiingie ukaunguza filamu, na anafanya kazi kwa vidole tu, maana humo ndani mtu haoni hata kucha zake. Mkononi ana filamu ya kamera. Anaizungusha taratibu kwenye gurudumu la plastiki ili aitie ndani ya kopo la dawa ya kusafishia picha.

Mlango unagongwa.

"Wewe kameraman! Watu wa paspoti wamejaa hapa. Umelala ama umekufa?"

Ni Wangui, anayeuza viatu vya mitumba mlango wa pili, mwanamke asiyemwonea haya mtu yeyote.

"Wangui, ukifungua huo mlango utaua mtu!"

"Nitaua nani?"

"Mama Pankaj!"

Nje watu wanacheka. Jotham hacheki.

Mama Pankaj ni Santosh, mjane wa Madanlal, mpiga picha wa zamani wa Bungoma. Jumapili anahamia Uingereza kuishi na bintiye, Bhavika. Studio ya mumewe imekodishwa, na itakuwa duka la dawa za binadamu. Kabla ya kuondoka aliomba kitu kimoja: apigwe picha mbele ya ukuta wa studio, ule uliochorwa Mlima Elgon na ndege ikipita juu yake. Iwe ya filamu, nyeusi na nyeupe, kama alivyopiga marehemu.

Nusu ya Bungoma imewahi kukaa mbele ya ukuta huo. Yeye hajawahi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha kola za wateja, kuchana watoto nywele na kuwapangusa jasho. Kila alipomuuliza mumewe, jibu lilikuwa moja: kesho, mteja kwanza.

Jotham ana miaka hamsini na minne. Aliacha shule darasa la saba, akaingia kwa Madanlal kufagia, na kwa kuwa alikuwa na mkono mtulivu akapandishwa hadi kwenye chumba cha giza.

"Enzi hizo picha ilikuwa safari," anasema. "Mtu anatoka Kapsokwony na suti ndani ya mfuko wa sukari, viatu ameshika mkononi visishike matope. Anavaa hapo mlangoni. Anakaa kama jaji. Halafu anangoja wiki mbili ndiyo aone sura yake. Siku hizi mtu anajipiga akitafuna mahindi."

Kisha dijitali ikaja, na wateja wa Madanlal wakapukutika. Jotham naye akanunua kamera ya dijitali, akahamia Kitale. Siku njema, paspoti humwingizia kama shilingi elfu moja na mia tano.

"Nilikula, nikasomesha watoto. Silalamiki. Lakini nilikuwa napiga nyuso za watu kama karani anapiga muhuri."

Mwezi uliopita Mama Pankaj alimpigia simu. Alikuwa akihamisha vitu, amekuta kamera ya mumewe na mashine ya kukuzia picha. "Njoo uchukue, ama nampa mtu wa vyuma chakavu. Lakini picha ya kwanza ni yangu."

Jotham alikwenda siku hiyo hiyo. Aliifuta kamera vumbi, akabofya ikiwa tupu.

"Ile sauti bana! Klak! Mwili wote ukasisimka. Nikaenda kununua dawa, nikafungua chupa, ile harufu kama siki ikanipiga puani. Nikaona kama Mzee Madanlal yuko nyuma yangu, ananiambia nisimwage."

Filamu aliagiza Nairobi. Moja tu inameza mapato ya siku nzima, lakini aliagiza mbili. Akaenda Bungoma, na Mama Pankaj akatoka amevaa sari yake ya harusi. Akapigwa hadi namba za kamera zikafika mwisho. Pankaj, mwanawe, akampiga moja kwa simu akisema ni ya akiba.

Filamu hiyo ndiyo anayoitoa sasa kwenye maji. Anafungua mlango, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Iko wazi tupu, kama nailoni ya mkate. Pembeni zinaonekana namba za kiwandani tu.

Namba hizo zilionyesha kuwa dawa haikuwa na kosa. Ncha ya filamu haikushika kwenye mhimili wa kamera, kwa hiyo muda wote alikuwa anapiga hewa. Mpiga picha wa filamu huangalia kirungu cha kushoto juu ya kamera. Kikizunguka, filamu inatembea. Wa dijitali huangalia kioo cha nyuma. Jotham anakumbuka kuwa siku ile alitazama nyuma ya kamera mara nyingi, na nyuma hakuna kitu, ni chuma tu.

"Si kuna ile ya simu?" Wangui akamwambia. "Ifanye nyeusi na nyeupe, uiprinti. Atajuaje?"

"Amekaa na Madanlal miaka arobaini. Na hata asipojua, mimi nitajua."

Akafunga studio, wateja wa paspoti wakimtukana, akaenda Bungoma.

Alipofika alimkuta fundi Kizito juu ya ngazi. Kwa kuwa picha ilishapigwa, kazi ya rangi ilikuwa imeanza. Ndege ilikwisha kumezwa na rangi nyeupe, na nusu ya mlima pia.

"Fundi, shuka."

"Mzee, mimi nalipwa na mwenye duka. Wewe ni nani?"

"Mjinga aliyeharibu picha ya huyu mama. Shuka, tafadhali."

Mama Pankaj alisikia kila kitu. Akatokea mlangoni.

"Madanlal angekuchapa na mkanda."

"Angenichapa, mama."

"Sari iko ndani ya sanduku, chini kabisa. Pankaj alilikalia juu ndiyo likafunga. Sifungui tena."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Alikuja na sweta yake ya kila siku, mikono ina unga wa chapati. Kizito akashuka, akasogeza ngazi mwenyewe, akasimama kando na brashi yake. Jotham akatia filamu ya pili na ya mwisho. Akavuta, akakitazama kirungu. Kikazunguka.

Mama Pankaj alifika kwenye kiti cha wateja lakini hakukaa. Alisimama kando yake, na mkono ukaenda wenyewe nyuma ya kiti, kama anayemnyooshea mtu kola.  Jotham akabofya. Ndipo akamwambia akae.

Jumamosi alimpelekea mbili. Mama Pankaj alizishika pembeni, kama watu wa studio wanavyoshika picha.

"Nimezeeka, Jotham."

"Ndiyo, mama."

"Na ukuta ni mbaya."

"Ni mbaya."

Akacheka mpaka akajipangusa macho. "Lakini hatimaye na mimi ni mteja." Aliyokaa kitini akaifunga kwenye mzigo wa Uingereza. Ile ya kusimama akamrudishia, akamwambia aiweke dirishani.

Zamani kila studio ilikuwa na dirisha la kioo lenye picha bora, na kuwekwa pale kulikuwa heshima. Watu wa Naitiri walipita siku ya soko kuangalia kama wamo. Dirisha la Jotham lilikuwa na tangazo la paspoti. Amelibandua. Sasa dirisha limebaki na picha moja: mwanamke mwenye sweta, kiti kitupu, na nusu ya mlima.

Anataka dirisha lijae. Ametenga Alhamisi kuwa siku ya filamu, na Wangui anasema atakufa njaa. Alhamisi ya kwanza alikuja mkulima mmoja wa Moi's Bridge. Alisimama nje akiitazama picha, kisha akaingia na kuuliza kama za namna hiyo bado zinapigwa.

"Nikamwambia kaa hapo," anasema Jotham. "Toa simu mfukoni, shusha mabega, na usicheke mpaka nikuambie."