Inchi Moja Upande wa Kushoto

Harufu ya dizeli iliyomwagwa juu ya bolti zenye kutu hunirudisha Oli kila inaponipata, hata nikiwa kwenye shughuli zangu za maana. Fundi huimwaga kwenye bolti zilizogoma, akaziacha zilowe, na harufu hiyo hushika nguo mpaka wiki iishe. Juzi nilipita karibu na gereji moja hapa Koboko nikiwa na kikapu cha nyanya, nikasimama pale kama mtu aliyesahau njia. Kijana wa gereji akaniuliza kama namtafuta mtu. Kusema kweli nilikuwa namtafuta, ila si mtu wa kupatikana gereji.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Oli, pembeni mwa mji wa Arua, na baba alikuwa na van kuukuu aliyoitumia kubeba mihogo kutoka Ayivu na watu waliokubali kukaa juu ya mihogo hiyo. Mwaka huo tulikuwa na bibi yangu, mama yake baba, ambaye sisi Wanubi tulimwita habuba. Alikuwa ameteleza kando ya kisima kwake Midia, karibu na Koboko, akavunjika nyonga, wakamleta Arua kutibiwa. Alipotoka hospitali akapewa kitanda changu. Mimi nilipewa mkeka, lakini kila asubuhi nilikutwa kitandani, nimejibana mgongoni kwake.

Nilimpenda habuba kuliko mtu yeyote, na sijui kwa nini, maana alikuwa na mdomo. Alimcheka mama kwa chai yake nyepesi, na baba hakuwahi kuegesha gari bila kuambiwa kitu. "Wewe naendesha kama iko nafukuza mbuzi," alimwambia, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, alitazama chini. Mimi alinifundisha kusuka tabaga, ule mfuniko wa chakula wa rangi nyingi, na nilipokosea mstari aliufumua wote bila huruma. Tabaga langu la kwanza lilikuwa limefika nusu pale daktari aliposema nyonga imeunga.

Habuba hakutaka kusikia jingine. "Mimi nataka kulala kwangu," alisema, asubuhi na jioni. Daktari alikubali, kwa sharti moja: asirushwerushwe njiani. Ninyi mnaoijua barabara ya lami ya leo mtashangaa, lakini siku zile kutoka Arua hadi Koboko ilikuwa vumbi, mashimo na matuta, na gari la baba lilikuwa limechoka. Ukikandamiza kona yake ya nyuma na kuachia, lilipanda na kushuka mara tano, mara sita, kama mtu anayecheka peke yake. Sisi watoto tulilipenda kwa ajili hiyo hiyo.

Basi baba akamwita fundi Drani, Mlugbara mwembamba aliyefanya kazi akiimba nyimbo za kanisani kwake. Waliliegesha gari kwenye sakafu ya saruji ya jirani, mahali pekee palipokuwa tambarare mtaani kwetu, mbele kabisa ya mlango wetu, ambako habuba alikaa mchana. Wakapima. Futi, ule utepe wa chuma wa kupimia, ilianzia katikati ya gurudumu, ikapanda wima hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, upande huu na upande ule. Kushoto kulikuwa kumelala karibu inchi tatu. Walipoifungua springi, ile ya mabamba ya chuma yanayolala moja juu ya jingine, bamba la pili lilikuwa limevunjika. Shokapu zenyewe zilikuwa zinavuja mafuta. Drani akazipima springi za zamani kwa kamba, urefu wake na upinde wake, akaenda mjini kutafuta zinazolingana nazo, pamoja na shokapu mpya.

Zilipofungwa mpya, baba alinieleza jambo kwa upole, na upole huo ndio ulioniharibu. Alisema pande mbili lazima ziwe sawa. Zikiwa sawa, habuba anaondoka kesho. Zisipokuwa sawa, gari litayumba na nyonga yake itaumia, kwa hiyo hatatoka hapa. Kisha akanipa ncha ya futi niishikilie katikati ya gurudumu, yeye akainama juu yangu kusoma namba.

Upande wa kulia niliishika vizuri. Inchi ishirini na mbili. Upande wa kushoto mkono wangu ulipanda wenyewe. Nasema wenyewe, ingawa nilijua vizuri ninachofanya. Niliipandisha ile ncha juu kidogo ya kitovu cha gurudumu, nikaikandamiza kwa kidole gumba.

"Ishirini na moja," baba alisoma.

Drani aliacha kuimba. "Hii springi ni mupya. Mimi napima hata dukani. Haiwezi lala."

"Fungua tena," baba akasema.

Springi ikafunguliwa, ikapelekwa kwa mfua vyuma kukunjwa upya, na siku mbili zikapita. Siku mbili hizo nilisuka tabaga kwa bidii isiyo ya kawaida, nikakosea makusudi ili lifumuliwe. Ilipofungwa tena tukapima, na nikafanya vile vile. Safari hii baba alisema labda mipira ya kwenye maungio ya springi imekufa. Drani alimtazama, akafuta mikono, akaenda kutafuta mipira. Nilianza kuogopa, lakini sikuwa na nia ya kuacha. Nilikuwa tayari kulipima gari lile mpaka niolewe.

Jioni ya siku ya nne habuba alimwita baba mlangoni. Mimi nilikuwa pembeni yake na nyuzi zangu, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

"Musa, gari iko sawa. Mimi naona kutoka hapa. Wewe iko naogopa nini?"

Baba alichuchumaa mbele ya mama yake, akaurekebisha mto uliokuwa chini ya mguu wake, ingawa mto haukuwa na tatizo lolote.

Asubuhi ya siku ya tano aliniita garini. "Leo wewe shika juu, mimi nashika chini," akasema. Kulia ishirini na mbili, kushoto ishirini na mbili. Alikandamiza kona ya nyuma, gari likapanda mara moja na kutulia. Nilingoja kupigwa. Baba aliikunja futi, akaenda kumsaidia mama kupanga godoro ndani ya gari.

Mimi sikwenda, nilikuwa na shule. Baba aliporudi alituambia habuba alisinzia njiani tangu Maracha hadi nyumbani kwake. Alifariki kabla mvua hazijaisha, na sikuwa nimemwona tena. Tabaga nililimalizia peke yangu, vibaya, na hakukuwa na mtu wa kulifumua.

Miaka ilipita, baba naye tukamzika Midia, nami nikanunua gari la kubebea bidhaa zangu. Siku moja nilikuwa ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai, nikaliona limelala upande. Sikuhitaji futi. Kwenye gari unalolijua, inchi moja huwezi kuikosa: mlango unafungika vibaya, usukani unavuta, hata namna linavyosimama si yenyewe. Nilikiweka kikombe chini, nikaikumbuka futi ya baba.

Baba alikuwa ameliendesha lile gari miaka kumi. Na kila aliposoma namba, alikuwa ameinama juu ya kichwa changu, anatazama moja kwa moja pale mkono wangu ulipokuwa. Aliona siku ya kwanza. Aliona na mara ya pili, akamwambia fundi afungue tena gari zima lisilo na kasoro. Nami miaka yote hiyo niliibeba aibu ile, nikidhani zile siku niliziiba peke yangu.