Niliandikia bokilo, mukwe wetu, mashitaka ku jeu, muchezo wa polisi, sasa mbuzi yangu imefungwa kwao

Admin, ficha jina yangu vizuri, sababu hapa Kisangani mutu akisema tu «yule papa mwenye sauti ya tingatinga», commune yote ya Tshopo inajua ni mimi.

Niko papa ya miaka makumi tano na kitu, na mabibi wa soko bananiita bado kijana. Nilisomaka mpaka ya sita primaire, lakini primaire ya zamani, si hii ya leo. Niliwahi kusimama katikati ya maporomoko ya bavuvi Wagenia, maji inapita juu ya kichwa, nikatoka na samaki kapitene mbili, moja kila kwapa. Bale bavuvi wenyewe balipiga makofi. Nasema hii juu mujue ni mutu wa namna gani batoto ba telefone banataka kufundisha.

Mutoto wa dada yangu, nitamwita Furaha, iko kiongozi wa jeu moja ya polisi. Si polisi ya kweli. Ni batu wanakaa nyumbani na telefone: huyu anajifanya polisi, huyu dereva wa taxi, huyu mwizi, na banaandikiana ku groupe kama tribunal. Nilicheka mpaka mbavu. Nikamuambia: «Furaha, muniingize, niwafundishe kazi.» Akanipa cheo kidogo. Mimi nikajiita Commandant.

Bon. Kule kuko sheria za kuandika mashitaka. Eti andika tu kitendo chenye ulijionea ndani ya jeu. Eti kitendo moja, shitaka moja. Eti hakuna matusi. Na ile ya kunimaliza: mbele ya kufunga PV, ile karatasi ya mashitaka, uliza mushitakiwa, uandike jibu yake chini. Polisi gani inaulizaka mwizi maoni yake? Wakati yangu, mwizi wa pikipiki nilimutazama tu, akaenda kujifungia ku cachot mwenyewe, akanirudishia ufunguo.

Sasa siku moja dereva wa taxi akapita taa nyekundu mbele yangu, ndani ya ile jeu. Naangalia jina: Dieumerci! Huyu njo kijana mwenye anataka kuoa Furaha, familia ya mutoni, batu wa Isangi wenye banakaa hapa karibu. Na mimi niko noko, kaka wa mama ya bibi-arusi. Munajua kwetu: dot, ile mahari, bila mbuzi ya noko si dot. Lakini tangu bapige hodi, kila kitu ilishaonekana, pagne za kitenge, chumvi, taa ya mafuta, mbuzi yangu tu njo haionekani. Nikasema, leo umejileta.

Nikaandika. Shitaka ya kwanza, kupita taa nyekundu. Sawa. Ya pili, sura ya mwizi. Ya tatu, kupumua kwa jeuri mbele ya Commandant. Ya ine, kwa herufi kubwa: KUFICHA MBUZI YA NOKO, YEYE NA BABA YAKE NA UKOO YAO YOTE. Pale kwa jibu ya mushitakiwa nikaacha wazi. Nikafunga PV, nikatuma.

Kumbe ndani ya ile groupe muko dada yake, muko bandugu yake, muko hata cousin ya Isangi mwenye hana kazi ingine. Mbele jua ishuke, PV yangu iko mukononi ya papa ya Dieumerci.

Furaha akakuja kwangu, macho nyekundu.

«Tonton, ungeuliza tu! Ni sheria, ungeuliza! Dieumerci angekujibu ile mbuzi iko ku mto, ndani ya bateau, inatoka Isangi. Ilifika jana.»

«Ilifika? Iko wapi?»

«Papa yake ameifunga. Anasema: kama sisi ni bezi, ukoo yote mwizi, mbuzi ya bezi itaingia namna gani nyumbani ya Commandant?»

Nikamuambia: «Basi futa ile karatasi ya telefone, wewe si mukubwa wao?»

«Siwezi, tonton. Mwenye aliandika njo anafuta. Unaandika mbele ya bote: sina ushahidi. Kisha unamuuliza Dieumerci, anajibu, unaandika jibu yake.»

«Mimi? Niombe ruhusa kwa dereva mwenye hana hata gari?»

Akanitazama hivi, akasema pole pole: «Mama amesema, kama hautafuta, jumamosi, siku ya dot, tonton mudogo njo atakaa kwa kiti ya noko.»

Mudogo yangu! Mutu mwenye anaogopa bata! Bata ikipiga mabawa yeye anapanda juu ya kiti. Njo huyo atasimama kumutoa Furaha, mutoto mwenye nilimubeba ku mabega, mwenye nilimupatia jina?

Alors nilifungua telefone. Niliandika «Sina», kidole ikakataa. Hii kidole ilisukumaka mamba majini, leo inashindwa na neno moja. Na kila saa dada ya Dieumerci anaandika ku groupe: «Commandant, tunangojea.» Hata mutu mwenye anacheza mwizi ananisalimia: «Ushahidi iko, papa?» Takataka ya batu.

Ninyi wenye munasoma hii page, nishaurini, nifanye nini? Nifute mbele ya bale batoto, ao niache mwoga wa bata akae kwa kiti yangu? Musinipe sheria, sheria nimeshiba. Na mujibu mbele ya jumamosi, sababu kwa bokilo, papa ya Dieumerci, ni parcelle ya tatu kutoka hapa, na toka asubuhi ile mbuzi inalia. Batu bote bananiangalia mimi.