Gauni la Waridi Lililokwenda Lilongwe

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinilainishie maneno.

Mwaka tuliofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, kutoka Bukavu, nilinunua soko la Mponela, kwenye marundo ya kaunjika, ndiyo mitumba, gauni refu la satini ya waridi, lenye lesi shingoni na utepe kifuani. Nikalipiga pasi, nikaenda nalo kanisani. Sikujua kwamba ni vazi la kulalia. Kwetu, nguo yenye lesi nyingi hivyo haifichwi kitandani; hutolewa watu waione. Nililivaa Jumapili tatu kabla mke wa mchungaji hajaniita pembeni, nikalifungia sandukuni.

Jirani yangu, Mrundi ninayepakana naye ukuta, alicheka mpaka akaketi chini. Hilo nililivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni alipojiunga na kikundi cha maigizo na kukifanya kisa changu kuwa mchezo. Alitokea jukwaani amevaa pajama ya mistari, Biblia kwapani, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Pajama, wakampa kiti cha mbele harusini, na muuza nyanya akawa anamwongezea mbili. Mimi, mwenye aibu yenyewe, sikuongezewa hata moja.

Kikundi kilipoalikwa kucheza Lilongwe, alikuja na wenzake kuliazima gauni.

"Mama, pajama haitoshi. Bantu ba Lilongwe banataka kuona ile ya kweli."

Nilimjibu kwamba nitampa, ila kwanza nione anavyotembea. Akatembea akitingisha makalio.

"Hapana," nikamwambia. "Mi sikutembea vile. Mi nilijua niko muzuri."

Nikalivaa juu ya kitenge, nikavuka ua polepole, shingo juu, nimeshika pindo kwa vidole viwili, kama Jumapili ile. Wote walicheka hadi machozi. Nilisubiri waseme niende mimi. Kiongozi wao akamgeukia yeye.

"Umeona? Fanya njo vile."

Lilongwe nilikwenda kama mtazamaji, nikaketi nyuma. Alishika pindo kwa vidole viwili, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mikono yangu niliikalia.

Kesho yake alinirudishia gauni, limefuliwa na kukunjwa, akanishukuru kwa heshima zote. Mwendo wangu hakuurudisha. Juzi nimemwona akiutumia kwendea bombani.