Niliionja Pombe ya Wakulima Nikiwa na Mimba

Sitamsukumia mtu kosa langu. Kata niliishika mwenyewe, na pombe niliinywa mwenyewe. Lakini yupo aliyenitazama nikinywa huku akijua, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Matai. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulipika pombe ya ulezi kwa zamu, watu wakitoka kulima wapate kunywa. Kwetu mpishi hunywa kata ya kwanza mbele ya wote, waone haina sumu. Asipokunywa, hakuna atakayegusa chungu.

Tukashika mimba wakati mmoja. Nesi wa zahanati, mama wa Mbeya, alituambia tuiache kabisa, hata ya kuonja. Alisema inamfikia mtoto tumboni, na macho yake ndiyo kwanza yanajengwa.

Njiani nilimwuliza wifi tufanyeje. Alicheka.

"Wifi, mama yako alikunywa akiwa na mimba yako. Wewe ni kipofu? Huyo wa Mbeya anajua nini kuhusu ulezi wetu?"

Nilitaka kuamini, nikaamini. Nilionja kila zamu yangu, na sitadanganya, kata moja mara nyingi ilifuatwa na nyingine.

Binti yangu alizaliwa mdogo, kope zimelegea. Alipoanza kutambaa, alitafuta bakuli la uji kwa kupapasa, nalo liko mbele yake. Nilimpeleka Sumbawanga, na daktari wa macho alimmulika machoni, kisha akaniuliza taratibu kama nilikunywa. Alisema mshipa unaotoa picha jichoni kupeleka kwenye ubongo haukukua vizuri, na miwani haitaukuza. Hakuapa kwamba ni pombe. Alisema tu kwamba pombe huweza kufanya hivyo.

Nilimweleza wifi nikilia. Mwanawe alikuwa uani akikimbiza vifaranga. Wifi akasema, "Mimi niliacha siku ile ile. Nilikuwa nagusisha mdomo tu, kata nampa mume wangu."

Mimi ninayejisifu kuona kila kitu, sikuliona hilo!

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Tungegusisha midomo wote wawili, wangetugundua. Nani angekunywa pombe yetu?"

Hatujapika pamoja tena.

Binti yangu ameanza shule. Mwalimu amemweka mbele kabisa, na bado anawauliza wenzake ubaoni pameandikwa nini.

Dada yangu mwenye mimba, nesi akikuambia acha, acha siku hiyo hiyo. Usiende kuomba ushauri kwa mtu ambaye shughuli yake itasimama usipokunywa. Waache wakuseme, waache wahamie kwa mpishi mwingine.

Mwanangu hajaniuliza kwa nini haoni kama mtoto wa shangazi yake. Siku atakayouliza, nitamwambia haya haya niliyowaandikia ninyi.