Sifuri za Makurunge Zimeninyima Raha

Admin, nifichie jina. Mume wangu anausoma ukurasa huu kuliko anavyosoma meseji zangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Bagamoyo mjini. Nafanya kazi ya takwimu kwenye mradi wa kuhesabu mbu. Mume wangu yuko mradi huohuo: jioni anatega mitego kwenye nyumba za watu Makurunge, asubuhi anakusanya mbu walionaswa. Mtego una taa na feni, unatumia betri. Mimi nakaa ofisini na hesabu zake.

Sasa sikilizeni. Hesabu zake zimejaa sifuri. Kukosa mbu kupo, lakini masika hii, jamani? Na nyumba za jirani anazotega mwenzake mbu tele! Sifuri zikizidi hivyo tuna modeli, yaani hesabu ya kompyuta, inayozitenganisha: kuna sifuri ya mtego uliowaka ukakosa mbu, na sifuri ya mtego ambao haukuwaka kabisa. Ikaniambia nyingi za mume wangu zinaelekea kuwa za aina ya pili. Modeli inakadiria tu, haiapi. Nikaona nisije nikamsingizia mtoto wa watu.

Nikamuuliza, akacheka. "Mke wangu, mbu wakikataa kuingia niwashike mkono?" Nikacheka naye, ila moyo ulikataa.

Juzi nikaaga naenda kwa shangazi, nikachukua bodaboda hadi Makurunge. Nikamwamkia mama mmoja mwenye nyumba, anayeishi na wajukuu zake, shikamoo, marahaba, akanikaribisha ndani. Mtego ule pale, unaning'inia kando ya kitanda. Nikamuuliza kama huwa unawaka.

"Utawakaje mwanangu, na betri anaondoka nayo? Kijana ana huruma yule! Anampelekea mkewe apate mwanga. Anasema nyumba yao haina umeme, na mtoto bado mchanga."

Jamani, mkewe si ndiye mimi? Umeme ninao, luku nanunua mwenyewe. Mtoto ndiyo sina, na mama mkwe hachoki kunikumbusha.

Ripoti inatoka wiki ijayo. Ikipita hivi, Makurunge itaonekana haina mbu na vyandarua vitapelekwa kwingine, yule mama na wajukuu zake waumwe malaria. Nikisema, mume wangu kazi hana, na huko betri inakokwenda kuna kichanga kisicho na kosa.

Ndugu zangu, nishikeni mkono. Nianze kusema wapi, ofisini au nyumbani? Maana yeye mpaka sasa ananiuliza shangazi anaendeleaje.