Saa ya Kunyonyesha

Niliweka maua mezani, nikatoa kadi ya choo kwenye msumari, nikaivaa shingoni na kutoka nje. Choo sikuwa naenda.

Shamba letu la maua liko Naivasha, upande wa Ndabibi. Mimi ni wa pakhausi, pale waridi hupangwa kwa urefu na kufungwa. Kila meza ina wanawake kumi na wawili na kadi moja ya plastiki. Ukibanwa unavaa kadi, askari wa mlangoni anakupisha bila swali. Kadi ikiwa nje, wengine wote mnabana miguu na kazi inaendelea.

Mimi nilikuwa na ruhusa nyingine, ya karatasi: saa moja ya kunyonyesha kila siku. Mtoto wangu alikuwa na miezi mitano, analelewa kwenye chumba cha watoto karibu na geti, mwendo wa dakika nne. Saa ilikuwa yangu. Kusema itaanza lini, hiyo ilikuwa ya supavaiza. Saa nne ananiambia ngoja oda iishe. Saa sita, lori linakuja. Mlezi akichoka na kilio anampa mtoto maziwa ya chupa, na wiki hiyo mtoto alikuwa ameanza kugeuza uso nikimpa titi. Maziwa yalikuwa yanakauka. Yaliyobaki yalikuwa yananimwagikia kwenye ovaroli.

Siku hiyo, ilipofika saa saba, supavaiza akasema, "Wewe chukua saa yako kuanzia saa kumi. Si kazi inaisha kumi na moja? Unaenda home mapema. Tajiri wewe."

Alikuwa anacheka. Hapo ndipo nilitoka.

Njiani nilimfikiria mama yangu. Anauza mboga Bondeni, na nikiwa sekondari alikuwa ananiaibisha, kwa sababu alikuwa anafunga kibanda saa nane mchana na mteja amesimama hapo hapo.

"Mathe, nyanya tu."

"Nyanya ziko. Mimi siko."

Halafu anaenda kulala, au kunisuka nywele. Nilimwona mvivu. Nikaapa nitapata kazi ya maana, yenye barua ya kuajiriwa na ovaroli. Nimeipata. Nina ovaroli mbili, na mwanangu akitaka kula lazima mwanamume fulani aangalie kwanza kama lori limefika. Mama hana barua ya mtu yeyote. Mimi alininyonyesha kila nilipolia. Kati yetu wawili mwenye mali ni yeye, na nimechelewa sana kulijua.

Nilipofika, mtoto alikataa titi mara ya kwanza. Ya pili akakataa. Ya tatu akashika, akafumba macho, tukakaa dakika arobaini.

Niliporudi, meza nzima ilikuwa imesimama kama watu waliokanyaga makaa.

"We mama, leo ungetufanya tukojolee maua ya wazungu!" alisema jirani yangu wa mezani, akanipokonya kadi na kukimbia.

Supavaiza alikuwa ameshaandika barua ya onyo. Ilisema nimetumia kadi ya choo kwa shughuli isiyo ya choo. Nilitia sahihi. Ilikuwa kweli.

"Na fomu ya malalamiko iko wapi?" nikamuuliza.

"Hiyo hakuna mtu hujaza."

"Basi ziko nyingi."

Ofisini walizikuta fomu chini ya katoni ya raba za kufungia maua. Nilijaza mbili, nikangoja zote zipigwe muhuri, nikabaki na moja. Nimeandika hivi:

"Mlalamishi ni mfungaji maua, meza ya nne. Nimepewa saa ya kunyonyesha lakini anayeishika ni supavaiza. Mtoto hanyonyi kwa ratiba ya lori. Naomba nusu saa ianzie saa nne na nusu saa ianzie saa nane, kila siku, niende bila kuuliza mtu, oda iwepo isiwepo. Siombi nyongeza ya mshahara. Meza yetu ina mwenzangu mwenye mimba, na yeye apewe hivyo hivyo akijifungua. Nataka jibu la maandishi. Ijumaa ikifika bila jibu, nakala hii nitaipeleka ofisi ya serikali ya leba, ya haki za wafanyakazi, Naivasha. Nitaenda siku ya kazi, asubuhi, na sitaomba ruhusa."